Ofensi za Vyuo vya Marekani: Vile Watu Wepesi Walijifunza Kuchapa Wazito

Pale Githongo, huku Imenti ya Kati, ukitaja futiboli kila msee anawaza Arsenal na Man U. Ukitaja raga, wanawaza wale majamaa wa shule wenye mabega kama mlango wa ghala. Na kama wewe ni kijana wa kilo 60, hata ukiwa na mbio za swara, mwalimu wa michezo anakucheki mara moja halafu anakutuma ubebe chupa za maji. Futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, inaonekana mbaya zaidi. Majitu ya kilo 140 yanagongana kama lori za mawe, filimbi inalia, watu wanasimama, wanagongana tena. Wengi hubadilisha stesheni hapo hapo.

Sasa skiza. Sehemu kubwa ya ujanja unaoona kwa huo mchezo haikutoka kwa timu zenye majitu. Ilitoka kwa vyuo vidogo ambavyo hata Wamarekani wenyewe hawavijui, kwa vyuo vya jeshi, na kwa shule moja ya watoto waliotolewa kwao na serikali. Hao wote walikuwa na shida ile ile ya kijana wa chupa za maji: wakigongana ana kwa ana, wanalala. Ikabidi watumie kichwa. Hii hapa ni rada ya vile walifanya, ili siku ukikalia mechi uelewe nini inaendelea.

Sheria, chap chap

Kila upande una watu 11. Uwanja ni yadi 100, kama mita 91, na kila mwisho kuna kipande kingine cha yadi 10. Ukiingia hapo na mpira ni tachidauni, pointi 6. Baada yake unaweza kupiga teke upate 1 zaidi, ama ujaribu kuingia tena kutoka karibu upate 2. Teke la kawaida kupitia milingoti ni 3.

Timu yenye mpira, yaani ofensi, inapewa nafasi nne za kusonga yadi 10. Kila nafasi inaitwa dauni. Ukifikisha yadi 10, unaanza hesabu upya na dauni zingine nne. Ukikosa, mpira unaenda kwa wapinzani. Ndiyo maana wanasimama kila mara: kila dauni ni mpango mzima, umechorwa kwa kitabu na kochi tangu Jumatatu.

Kwa wale wa raga, tofauti ni mbili tu za maana. Kwanza, unaruhusiwa kumzuia mtu asiye na mpira, kitu ambacho kwa raga ni penalti. Pili, unaruhusiwa pasi moja ya mbele kwa kila dauni, mradi uirushe ukiwa nyuma ya laini ambapo mpira ulianzia. Pasi ya nyuma, ile ya raga kabisa, unarusha mara unazotaka. Anayeshika usukani ni kwotabeki: yeye hupokea mpira kwanza, halafu anaupeana, anaurusha, ama anakimbia nao mwenyewe. Mbele yake kuna majitu matano ya laini ambayo kazi yao ni kuzuia, na hayaruhusiwi kupokea pasi ya mbele.

Shika kitu kimoja hapo. Ofensi inajua mpira unaenda wapi na utaanza lini. Difensi haijui. Hiyo siri inadumu sekunde moja ama mbili, halafu imeisha. Ubunifu wote wa ofensi ni kutafuta njia ya kuivuta hiyo siri ikae kidogo zaidi.

Watoto wa Carlisle

Mwanzoni hakukuwa na pasi ya mbele. Watu walikuwa wanajipanga kama ukuta na kusukumana, na wanafunzi walikufa. Mwaka 1905 pekee vifo 18 viliripotiwa. Rais Theodore Roosevelt aliita wakuu wa Harvard, Yale na Princeton pale Ikulu akawaambia watengeneze huo mchezo. Mwaka uliofuata, 1906, pasi ya mbele ikahalalishwa, lakini kwa masharti magumu: ukirusha ianguke bila mtu kuigusa, mpira unapewa wapinzani. Timu kubwa zikasema haina haja. Kochi Eddie Cochems wa chuo cha Saint Louis ndiye alianza kuitumia kwa mechi mwaka huo huo, lakini waliofanya iwe silaha kamili ni vijana wa Carlisle.

Carlisle ilikuwa shule ya bweni Pennsylvania, ilifunguliwa 1879 kwenye kambi ya zamani ya jeshi. Watoto wa makabila asilia ya Marekani walitolewa kwao wakapelekwa huko, wakanyolewa nywele, wakapewa majina mapya na kukatazwa lugha zao. Kama uliwahi kuvaa diski shingoni kwa kubonga Kimeru shuleni, unapata picha kidogo, ila wao hawakuwa wanarudi nyumbani jioni. Wengine hawakurudi kabisa. Makaburi yao yako pale hadi leo.

Shule ikaanzisha timu. Vijana walikuwa wepesi na wachache, na karibu mechi zote kubwa walicheza ugenini kwa vyuo vya matajiri, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na doh ya viingilio. Kochi wao, Glenn Warner, aliyeitwa Pop, aliona hawa hawatawahi kushinda kwa kusukumana. Mwaka 1903 dhidi ya Harvard walifanya kitu ambacho bado watu wanakicheka. Fundi alikuwa ameshona lastiki chini ya jezi ya mchezaji mmoja, Charlie Dillon. Harvard walipopiga teke la kuanza kipindi cha pili, vijana wa Carlisle walikusanyika kwa kikundi, wakamtia Dillon mpira ndani ya jezi mgongoni, halafu wote wakatawanyika kila mmoja akijifanya amebeba. Harvard walikamata kila mtu isipokuwa mwenye nundu. Alikimbia hadi mwisho. Harvard bado walishinda, 12-11, lakini hakuna mtu anakumbuka hiyo mechi kwa sababu ya matokeo.

Ile ya lastiki ilikuwa mchezo wa siku moja, na baadaye sheria ikaifunga. Kazi ya kweli ilikuwa 1907. Pop Warner alichukua hiyo pasi ambayo wakubwa walikuwa wanaidharau akaichanganya na mbio: kutoka mpango ule ule, kwa kusimama kule kule, mchezaji angeweza kukimbia, kurusha ama kupiga teke. Difensi ikikimbilia mbele, mpira unapita juu. Ikibaki nyuma, wanakimbia nao. Carlisle walienda Philadelphia wakawapiga chuo cha Pennsylvania 26-6, timu ambayo ilikuwa ya kwanza kwanza nchini. Mwaka 1912 walienda West Point, chuo cha jeshi, wakiwa na Jim Thorpe ambaye alikuwa ametoka kushinda dhahabu mbili Olimpiki ya Stockholm. Hebu waza hiyo: upande mmoja wanajeshi wa kesho, upande wa pili wajukuu wa watu ambao jeshi hilo liliwapiga risasi. Carlisle 27, Jeshi 6. Kati ya waliochapwa siku hiyo kulikuwa na kijana anaitwa Dwight Eisenhower, baadaye jenerali, baadaye rais.

Shule ilifungwa 1918. Ile fikra ya kuficha nia hadi dakika ya mwisho ndiyo iko chini ya kila kitu kinachofuata.

Opsheni: kumwacha adui bila kumgusa

Hapa ndipo mimi huona utamu wenyewe, kwa hivyo vumilia hesabu kidogo.

Ofensi 11, difensi 11. Kwotabeki akimpa mkimbiaji mpira halafu asimame kutazama, ofensi imebaki na watu tisa wa kuzuia, kwa sababu mkimbiaji hawezi kujizuilia mwenyewe. Difensi bado wako 11. Kila mara kuna wawili wa ziada upande wao. Kama una majitu, haikusumbui, unawabomoa tu. Kama huna, umeisha.

Opsheni inatatua hivi. Chagua mlinzi mmoja, mara nyingi yule mkubwa wa pembeni ambaye hakuna mtu wako anaweza kumsukuma, na usimzuie. Mwache kabisa. Kwotabeki anamwekea mkimbiaji mpira tumboni lakini hauachilii bado. Macho yake yako kwa yule mlinzi. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anavuta mpira na kupita pale alipotoka. Akibaki kumngoja kwotabeki, mpira unaachiliwa na mkimbiaji anapita katikati. Chochote atakachofanya amekosea. Ni kama askari mmoja wa kaunti na wauza viazi wawili sokoni Githongo: akimfuata huyu, yule anauza. Na yule mtu wako ambaye angemzuia huyo jamaa mkubwa sasa yuko huru kuzuia mwingine. Umemtoa mtu wa kilo 130 kwa mchezo bila kumgusa hata kidole.

Opsheni ya mara tatu inarudia hiyo kitu. Kuna mkimbiaji wa katikati, halafu kwotabeki, halafu mkimbiaji wa tatu anayekimbia sambamba naye pembeni akingoja pasi ya nyuma, kama winga wa raga. Walinzi wawili wanaachwa bila kuzuiliwa, wawili wanasomwa, wawili wanakosea.

Bill Yeoman wa chuo cha Houston alikuwa na aina yake ya opsheni miaka ya 60. Mwaka 1968 Emory Bellard, msaidizi wa kochi pale Texas, aliwapanga wakimbiaji watatu nyuma ya kwotabeki kwa umbo la herufi Y, na wanahabari wakaliita Wishbone, ule mfupa wa kifua cha kuku. Texas walianza kwa sare na kipigo, halafu wakashinda mechi 30 mfululizo. Texas hawakuwa maskini, hilo nakubali. Lakini angalia nani waliing'ang'ania wakati vyuo vikubwa vilihama: Jeshi, Wanamaji na Wanahewa. Vijana wa vyuo hivyo lazima watimize viwango vya mwili vya kijeshi, na wakimaliza wanatumikia nchi kwa miaka. Kijana wa kilo 140 mwenye ndoto za NFL haendi huko. Wanamaji walipoteza kwa Notre Dame miaka 43 mfululizo, kuanzia 1964. Tarehe 3 Novemba 2007, na opsheni ya kochi Paul Johnson, wakashinda 46-44 baada ya nyongeza tatu za muda. Kuna watu walizaliwa, wakaoa, wakapata watoto, na hawakuwa wameona hiyo kitu.

Halafu kuna ile ya Glenville State, chuo kidogo katikati ya milima ya West Virginia, mahali pa baridi na miteremko kama huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Rich Rodriguez alikuwa kochi pale. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba siku moja kwotabeki wake alikosea kupeana mpira, akaona mlinzi wa pembeni ameshakimbilia mkimbiaji, basi akaushika na kutoka upande wa pili. Kochi akamuuliza mbona umefanya hivyo. Akajibu tu kwamba yule jamaa alikuwa ametoka. Rodriguez akaona hiyo si makosa, hiyo ni opsheni, ila sasa kwotabeki anasimama nyuma kabisa ambapo anaona uwanja wote. Akaibeba hadi Tulane, ambao 1998 walimaliza bila kupoteza mechi, na baadaye West Virginia, ambao Januari 2006 waliwapiga Georgia 38-35. Siku hizi ukiona kwotabeki na mkimbiaji wamesimama bega kwa bega halafu mpira unabaki kidogo tumboni mwa mtu, hiyo ni ile ile ya Glenville.

Air Raid: michoro michache, uwanja wote

Njia ya pili ya mtu mwepesi ni kukataa kugongana kabisa. Tanua uwanja.

Mwaka 1989 Hal Mumme, aliyekuwa akifunza shule ya upili Texas, alichukua kazi Iowa Wesleyan, chuo kidogo kwenye mashamba ya mahindi. Msimu uliotangulia walikuwa wamepoteza mechi zote 10. Akamwajiri msaidizi anaitwa Mike Leach, msee mwenye digrii ya sheria ambaye hakuwahi kuchezea timu ya chuo. Wawili hao walisoma pasi za chuo cha BYU chini ya LaVell Edwards, wakatupa nusu ya kilichokuwemo, na kubaki na michoro michache tu. Hapa watu wengi hupotea: wanadhani ubunifu ni kuwa na vitu vingi. Air Raid ilikuwa kinyume. Michoro kidogo, inarudiwa kila siku ya mazoezi hadi kijana anaweza kuifanya usingizini, na ruhusa ya kubadilisha mwendo kulingana na vile mlinzi amesimama.

Mchoro wao mkuu unaitwa Mesh. Wapokeaji wawili wanaanza pande tofauti za uwanja, wanakimbia kuelekeana, wanapishana katikati karibu sana hadi wangeweza kugusana mikono. Walinzi wanaowafuata inabidi nao wapishane, na hapo ni kama boda mbili kwenye njia ya majani chai: mmoja lazima apunguze mwendo. Aliyepunguza ameachwa hatua mbili. Hatua mbili zinatosha.

Mumme akaenda Valdosta State, halafu Kentucky. Leach akaenda Texas Tech mwaka 2000, akakaa miaka 10 bila kuwa na msimu hata mmoja wa kushindwa mara nyingi kuliko kushinda, akitumia vijana ambao Texas na Oklahoma hawakuwataka. Mwaka 2008 Texas walifika pale wakiwa nambari moja nchini. Ikiwa imebaki sekunde moja, Michael Crabtree akashika pasi ya Graham Harrell pembeni, akajinasua, akaingia. 39-33. Kwotabeki mwingine wa Leach, Kliff Kingsbury, alirudi kuwa kochi pale na akamfunza kijana anaitwa Patrick Mahomes. Huyo hata Githongo wanamjua.

Leach alifariki Desemba 2022. Miezi michache baadaye, Mei 2023, Iowa Wesleyan ilifunga milango kwa kukosa pesa. Mahali ofensi nyingi za leo zilizaliwa, hakuna timu.

Kasi pia ni ujanja. Chip Kelly, aliyetoka chuo kidogo cha New Hampshire, alifika Oregon 2007 na kuondoa mambo ya kukusanyika kati ya dauni. Ishara zilikuwa zinaonyeshwa kwa mabango makubwa ya picha kando ya uwanja, zingine za ukweli, zingine za kudanganya. Lengo ni kwamba yule jitu la kilo 140 la difensi lisipate nafasi ya kuvuta pumzi wala kubadilishwa. Oregon walifika fainali ya Januari 2011, Auburn wakawatoa 22-19.

Usiku wa Boise

Mambo ya sarakasi ni madogo kuliko hayo yote, nasema ukweli. Ofensi haijengwi na mchoro unaotumika mara moja kwa mwaka. Lakini kuna mechi moja huwezi kuiruka.

Tarehe 1 Januari 2007, Arizona, Boise State ya Idaho dhidi ya Oklahoma. Boise hawakuwa wamepoteza mechi, na bado watu walisema hawastahili kuwa pale. Wakaongoza 28-10. Oklahoma wakarudi, wakasawazisha, na dakika ya mwisho wakamnyang'anya kwotabeki Jared Zabransky mpira na kufunga. 35-28. Boise wakabaki na dauni ya nne, yadi 18 za kufikia. Zabransky akarusha fupi katikati kwa Drisan James, ambaye hakuwa amefika hata hizo yadi 18. Walinzi wote wakamrukia. Jerard Rabb alikuwa anatoka upande wa pili mbio, James akamwachia pasi ya nyuma, huyo ameenda. Sekunde saba zimebaki, 35-35.

Muda wa nyongeza, Adrian Peterson wa Oklahoma akafunga kwa mbio za kwanza tu. Boise wakajibu kwa pasi iliyorushwa na mtu ambaye si kwotabeki. Sasa wangepiga teke wasawazishe. Wakakataa, wakataka mbili. Zabransky akainua mkono wa kulia kama anayerusha upande mmoja, wote wakaangalia huko. Mkono wake hauna kitu. Mpira uko mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo, na Ian Johnson anauchukua kuelekea upande wa pili peke yake. 43-42. Dakika chache baadaye, mbele ya kamera, Johnson akapiga goti akamchumbia dem wake aliyekuwa kiongozi wa washangiliaji. Akakubali.

Na kwa wapenzi wa raga kuna ile ya 20 Novemba 1982. Cal dhidi ya Stanford ya John Elway, sekunde nne zimebaki, Stanford 20-19. Teke linapigwa, Kevin Moen wa Cal analichukua, na kuanzia hapo wanapigiana pasi za nyuma tano. Bendi ya Stanford ikadhani mechi imeisha ikaingia uwanjani na matarumbeta yake. Mpira ukamrudia Moen, akapita katikati ya bendi, akafunga na kumbomoa mpiga tromboni. 25-20. Mkenya aliyeona Singapore Aprili 2016, Collins Injera na wenzake chini ya marehemu Benjamin Ayimba wakiwamaliza Fiji 30-7 kwa fainali, hahitaji kuelezwa hiyo. Tofauti ni nani anaamua. Kwa raga ya saba, mchezaji anaamua palepale na pumzi imekata. Kwa Wamarekani kochi ameamua kabla, na ni siku ile mpango umekufa kabisa ndipo wanacheza kama sisi.

Wakubwa waliiba silaha

Kwa miaka mingi vyuo vya doh viliwacheka hawa wa kutanua uwanja. Mwaka 2012 Nick Saban wa Alabama, kochi mwenye mataji kuliko karibu wote, aliuliza hadharani kama kweli hii kasi ndiyo tunataka mchezo uwe. Miaka miwili baadaye akamwajiri Lane Kiffin kuja kumfungulia ofensi. LSU, chuo kikubwa chenye kila kitu, wakatanua uwanja wote msimu wa 2019, Joe Burrow akarusha tachidauni 60, wakashinda mechi 15 kati ya 15. Hapo ndipo mambo yalikuwa magumu kwa wadogo: sasa jitu nalo linajua chenga. Na tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, kwa hivyo kijana mwepesi aliyegunduliwa na chuo kidogo akianza kung'aa, mwaka unaofuata amehama.

Watu wetu kwa huo mchezo wamekuwa upande wa difensi. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alicheza Boston College halafu akachukua Super Bowl mbili na New York Giants. Daniel Adongo, kijana wa Strathmore aliyekuwa anacheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisainiwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kabla hajacheza hata mechi moja ya futiboli hiyo, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Wote wawili ni watu wakubwa kwa mwili. Aina ile ile mwalimu wa michezo huchagua kwanza.

Mlango wa wepesi uko kwa futiboli ya bendera, ambayo itakuwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake. Watano kwa watano, uwanja wa yadi 50, hakuna kugongana na hakuna majitu ya laini. Ukivutwa kitambaa kiunoni umekamatwa. Ukiondoa kugongana, kinachobaki ni haya tumebonga: nani anajua mpira unaenda wapi, na nani amechelewa hatua mbili.

Ukitaka kujaribu kwa uwanja wa shule hapo Githongo, unahitaji mpira wa raga, vitambaa kumi, na vizibo vya soda vya kuchorea mezani. Weka vizibo viwili kila upande na kimoja nyuma katikati. Cha kushoto ndani na cha kulia ndani vikimbie kuelekeana, vipishane hatua tano mbele ya laini, cha kushoto kikipita mbele kila siku ili wasigongane. Vya nje viende mbele moja kwa moja kuvuta walinzi. Kwotabeki atazame wale wawili wa katikati pekee, na arushe kabla ya kuhesabu tatu. Fanyeni mara 20 bila walinzi, halafu mara 20 na walinzi wanaojua mchoro wote. Wakiwa wanajua na bado mnapita, ongezeni mchoro wa pili.